Nilimjua Dokta Remmy kwa kisogo

Nilianza kumsikia Dokta Remmy Ongala, mwimbaji wa dansi, kabla sijamwona, na nilipoanza kumwona nilimwona kisogo. Karibu miaka miwili sikujua uso wake unakuwaje anapoimba. Nilichokijua ni rasta zilizomwangukia mgongoni, shati lililolowa jasho hadi kiunoni, na kisigino cha mguu wa kulia kikihesabu mapigo. Kosa ni la ukuta. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa wazi, uwanja wa saruji uliozungushiwa ukuta wa tofali ambao haukuwahi kupigwa plasta, na jukwaa lilijengwa kuegemea ukuta wa nyuma. Sisi wauza mayai makao yetu yalikuwa hukohuko nyuma, penye tofali lililotobolewa na mtu tusiyemjua, Mungu amlipe. Tundu lilitosha jicho moja. Tulipokezana kama kata ya mtungini, na ukikaa sana ulivutwa shati.

Hiyo ni Dar es Salaam ya mwaka 1987 hivi. Shangazi yangu wa Manzese alinipa ndoo ya mayai ya kuchemsha, kopo la chumvi iliyochanganywa na pilipili, na pakiti ya sigara za Sportsman za kuuza moja moja. Asubuhi alidai hesabu kabla sijanawa uso. Yai likivunjika njiani lilikuwa langu, na ndiyo maana nilikula mayai kuliko mtoto yeyote wa mtaa ule. Wapo waliodai kwamba nilikuwa nayavunja makusudi. Sikatai yote.

Vijana wa sasa ni vigumu kuwaeleza ushabiki wa bendi ulivyokuwa. Kulikuwa na watu wa Sikinde, yaani Mlimani Park, na watu wa Msondo, yaani Juwata, na hao walikuwa kama Simba na Yanga; mke na mume waliweza kununiana wiki nzima. Kulikuwa na watu wa Maquis, wa Vijana Jazz, wa Safari Sound. Mimi nilikuwa wa Super Matimila, bendi ya Remmy, na si kwamba nilikaa nikapima nikachagua. Ndoo ndiyo iliyonichagulia. Kwa Remmy nilifika kwa miguu. Kwingine kote kulitaka nauli.

Kwamba alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, kwamba jina lake la kuzaliwa ni Ramazani Mtoro Ongala, kwamba aliingia Dar mwaka 1978 kuifuata Orchestra Makassy ya mjomba wake na baadaye ndipo akahamia Matimila, hayo yote niliyajua nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilijua tu kwamba Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya ng'ambo ya ziwa, na kwamba aliimba mambo ya watu wenye ndoo.

Biashara ndiyo iliyonifundisha kusikiliza. Wimbo wa dansi wa siku zile ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza maneno: taratibu, magitaa yakinong'ona kwa chini, watu wameshikana viuno au wamesimama wanafuatilia kisa. Kisha chemko: waimbaji wanavuta pumzi, gitaa la solo linashika kipande kifupi na kukizungusha, tumba inapanda, saksafoni inaingia, na uwanja mzima unatikisika. Wakati wa maneno hakuna anayenunua yai. Wakati wa chemko ndiyo kabisa. Wateja walitoka chemko likiisha, wamelowa, njaa inawauma, wanataka chumvi. Kwa hiyo muuza mayai aliyejua chemko linaisha lini ndiye aliyefika getini kabla ya wenzake.

Na sisi wa tundu tulijua. Kisigino kikiacha kuhesabu na kukanyaga mara mbili kwa nguvu, mpiga dramu alikuwa ameshaambiwa, na mimi nilikuwa nimeshaokota ndoo. Waliolipa kiingilio walikuwa bado wanacheza hawana habari. Sijawahi tena maishani kuwa na siri nzuri kiasi kile.

Redioni wimbo ulikuwa na mwisho, kwa sababu studio ya Radio Tanzania ilirekodi bendi zote na kila moja ilikuwa na zamu yake. Ukumbini mwisho ulikuwa miguuni mwa wachezaji. Uwanja ukiwa baridi, chemko lilikatwa haraka, hata vumbi halijatimka. Uwanja ukishika moto, kipande kilekile kilizungushwa na kuzungushwa, na kila mzunguko mpiga tumba aliongeza kitu kidogo kwa kumfuata mtu mmoja aliyekuwa akicheza mbele yake. Hakuna aliyerekodi hayo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kamera ya video ilikuwa ya harusi za wenye nazo. Machemko yale yasiyoisha hayapo popote ila vichwani mwetu, na vichwa vyetu, kama nitakavyosimulia, si vya kuaminiwa sana.

Mwaka 1988 Remmy alikwenda Ulaya na ziara ya WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali. Sisi wa tunduni tulikubaliana kwamba harudi. Mtaani kwetu aliyepanda ndege tulimhesabu kama aliyefariki kwa heshima. Biashara ililala; ukumbi ulijaribu bendi nyingine, lakini kisigino chao sikukielewa na kila mara nilifika getini nimechelewa. Basi alirudi. Mwaka 1989 ikatoka albamu yake huko Uingereza kwa Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel, ikiwa na jina la Kiingereza lenye maana ya nyimbo za maskini. Niliisikiliza yote miaka mingi baadaye, nimekwishakuwa na duka langu na redio nzuri. Ni safi mno. Kila gitaa lipo mahali pake, unaweza kuyahesabu kama mayai kwenye trei. Nilikaa nikitafuta kilichopungua, jioni mbili nzima, hadi nikakiona: mle ndani hakuna mtu aliyekuwa akicheza.

Siku ya kuingia ilikuja bila kutangazwa. Mbeba vyombo mmoja alikuwa mteja wangu wa mayai mawili kila wikiendi, na usiku huo hakuweza kutoka. Akatoa kichwa kwenye mlango wa wasanii akaita, "Wewe wa mayai, pita huku." Nikapita. Nikasimama pembeni ya jukwaa, ndoo miguuni, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso.

Nilitegemea uso wa sherehe. Nilikuta uso wa mtu anayezungumza na ndugu zake. Alizungumza karibu sawa na alivyoimba. Magitaa yakitulia aliinamia maiki kama mzee wa ukoo aliyefika kikao kimeshaharibika, watu wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla kama walioguswa donda. Lakini kilichonishangaza zaidi hakikuwa yeye. Ni wale waliolipa. Tangu tunduni walikuwa giza tu lililokuwa mbele yake, lenye kelele. Sasa niliwaona. Makuli wa bandarini, wauguzi, karani mwenye kalamu bado mfukoni, akina mama waliovaa doti za khanga kama wanakwenda kumlaki bwana harusi. Bendi ilikuwa inapiga "Kifo", wimbo wake unaokwenda moja kwa moja kwa jina hilo, na watu walikuwa wanacheza. Wanacheza na wamefumba macho. Nilikuwa mdogo na nilidhani hawasikii maneno.

Mama mmoja wa Sinza, fundi cherehani, aliyekuwa mmoja wa wale walioucheza wimbo ule wamefumba macho miaka hiyo, amenieleza upande wake. Mwezi huo alikuwa amezika mtoto. Nyumbani kila aliyeingia alishusha sauti na kubadilisha mazungumzo. Akajifunga khanga akaenda dansini, na mama mkwe hakumsamehe mpaka alipokufa. "Mdogo wangu," aliniambia, "pale ndipo peke yake mtu alilitaja hilo neno mbele yangu kwa sauti kubwa." Nimeuza mayai nje ya ukumbi ule usiku mwingi, na pengine mama huyo nilimuuzia, nikamwona amelowa uso nikadhani ni jasho.

Halafu kuna wimbo wa soksi. "Mambo kwa Soksi" ulikuja miaka ya 1990 ikianza, na Radio Tanzania haikuupiga. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wameripotiwa Kagera mwaka 1983, na kufikia wakati huo hata mtaani kwetu watu walikuwa wanakonda na kuondoka, huku misibani tunaambiwa ni malaria, ni kifua kikuu, ni jirani mwenye jicho baya. Redio haikuupiga, lakini kila aliyetoka ukumbini alitoka nao mdomoni, na asubuhi ulikuwa umeshafika sokoni.

Nami niliufikisha nyumbani. Nilikuwa nakosha ndoo huku naimba, shangazi akauliza ni soksi gani hizo zinazoimbwa usiku kucha. Nikamjibu kwa moyo safi kabisa kwamba ni za miguuni. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamwisha, akaniita karibu, akanieleza soksi ni nini na kwa nini, neno kwa neno, yule shangazi ambaye hata habari za kubalehe aliniachia niokoteze kwa wenzangu. Nina hakika asingeanza mwenyewe. Alihitaji mtu amfungulie mlango, na aliyeufungua ni mtoto mjinga mwenye wimbo mdomoni.

Mwenzangu wa sigara alianza kuweka soksi chini ya pakiti za Sportsman. Mtu mzima, ana ndevu, hawezi kulitamka neno kondomu mbele ya mtoto wa rika la mwanawe, alifika akainama kama anayetaka kibiriti na kusema, "Nipe za Dokta." Ndivyo tulivyoziita hadi nilipoacha biashara ya usiku. Wasomi wa mambo ya afya wanajua zaidi yangu nini kiliwafanya watu wabadilike na nini hakikuwafanya. Ninachokijua ni kwamba kabla ya wimbo ule hawakuwa na neno la kuombea, na baada ya wimbo walikuwa nalo.

Sasa niseme usiku ninaousimulia kuliko yote, ambao wanangu wameusikia mpaka wanaweza kunimalizia.

Mwaka 1992 maji ya bwawa la Mtera yalipungua na umeme ukawa wa mgao. Usiku huo nilikuwa nyuma ya ukuta kama kawaida. Chemko limefika juu kabisa, na giza. Gitaa zikafa, besi ikafa, saksafoni ikapiga pumzi mbili hivi peke yake kama mtu aliyeachwa na basi, ikanyamaza. Na hapo, katika giza, tumba ikaendelea. Haikuyumba hata pigo moja. Watu wakaitikia kwa makofi, wakaimba kiitikio bila maiki, na tumba ikawabeba hivyo kwa muda mrefu hadi taa ziliporudi. Hivyo ndivyo nilivyousimulia karibu miaka thelathini. Nilikuwa nauleta kama ushahidi: ndugu zangu, bendi ile hata umeme haukuiweza.

Nilikuwa nausimulia tena, safari hii barazani kwa yule fundi cherehani, tumekaa watu wanne watano na mzee mmoja dereva mstaafu wa mabasi ya UDA ambaye ni Sikinde wa kufa na kuzikana lakini anakiri kwamba kwa Remmy alikuwa akienda kwa kificho. Nilipofika kwenye tumba, fundi akasimamisha cherehani.

"Mdogo wangu, usiku huo mimi nilikuwemo ndani."

"Basi ulisikia mwenyewe."

"Nilisikia watu wanadai viingilio vyao. Umeme ulipokatika bendi ilisimama. Wanamuziki walikaa gizani kwenye ngazi za jukwaa. Mlangoni karibu watu wapigane. Tumba hakuna aliyeigusa."

Mzee akaunga mkono: viti viliruka, yeye mwenyewe alipoteza kiatu. Nikabisha. Nikawaambia kwamba tumba niliisikia kwa masikio yangu, na makofi, na kiitikio.

Fundi akafikiri kidogo. "Makofi na nyimbo hata sisi tulisikia," akasema. "Lakini zilitoka nje. Nyuma ya ukuta. Tukawa tunasema, watoto wa mayai hao, wamechanganyikiwa."

Sikujibu kitu. Kwa sababu alipotaja nyuma ya ukuta, dumu lilinijia mkononi. Dumu la njano la lita ishirini, la muuza maji aliyekuwa jirani yetu, na viganja vyangu juu yake. Sisi ndio tuliopiga. Chemko lilikatika sisi tukiwa katikati yake, hatujui kilichotokea upande wa pili, na hatukuwa na kiingilio cha kudai, basi tukaendelea. Mwenzangu wa sigara alipiga ndoo. Wengine walipiga makofi. Miaka thelathini nilimpa mpiga tumba sifa ya dumu nililolipiga mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nimefadhaika, si kwa furaha wala kwa huzuni. Tangu siku hiyo nina tabia moja: mtu akinisimulia onyesho, kabla sijauliza ulipigwa wimbo gani, nauliza alikuwa amesimama wapi. Karibu na spika, mlangoni, juu ya mti, mgongoni kwa baba yake. Dereva yule, kwa mfano, nyimbo zote za Remmy anazikumbuka kwa besi, na maneno hayajui hata nusu, kumbe alikuwa anajificha nyuma ya spika asionekane na watu wa Sikinde. Mambo ya mbele anayasimulia vizuri sana. Hakuyaona.

Kuna kipindi nilimnunia Dokta. Alipougua kiharusi, kisha tukasikia ameokoka na ameachana na dansi, anaimba Injili, nilijiona kama mtu aliyehamiwa na jirani bila kuagwa. Kanda zangu nilizifungia kabatini. Upuuzi mtupu, na sijui nilidhani nani ataumia. Tarehe 13 Desemba 2010 alipofariki nilikuwa ndani ya daladala, na dereva akapandisha sauti ya redio bila abiria hata mmoja kumkataza, jambo ambalo kwa daladala za Dar si la kawaida. Siku hiyohiyo nilifungua kabati. Mbili zilikuwa zimeliwa na unyevu.

Nyumba yake ilikuwa Sinza, na kituo cha pale mpaka leo ni Sinza kwa Remmy. Makonda wanakikatisha: "Remmy! Remmy wapo?" Abiria anayeshuka hapo mara nyingi hakuwa amezaliwa. Wakati mmoja msichana aliyekaa kando yangu alinijibu kwamba Remmy ni mwenye duka la dawa. Nilicheka hadi nikapitishwa kituo. Kwa mtu aliyeitwa Dokta maisha yake yote, hakukosea mbali.

Jumapili iliyopita tulikuwa tena barazani kwa fundi. Mjukuu wake akatutafutia wimbo kwenye simu, ule wa studio ya Radio Tanzania, wenye mchakacho. Maneno yakapita, chemko likaanza, na kama kawaida ya nyimbo zile zilizorekodiwa, utamu unakolea ndipo sauti inashuka taratibu na kupotea. Mjukuu akanyoosha kidole aweke mwingine. Mzee wa UDA akaifunika simu kwa kiganja.

Akaanza besi kwa mdomo. Fundi akaingia na solo, akiuzungusha mguu wa cherehani bila uzi. Mimi nikashika saksafoni, wakanikataza wote wawili, eti nimeingia mapema. Kwa Remmy saksafoni inasubiri mzunguko wa nne. Nikawaambia wa tatu. Tukabishana bila kusimamisha muziki, jambo linalowezekana ukiwa na mazoezi.

Muuza kahawa alikuwa anapita, kijana mdogo tu, birika mkono mmoja na vikombe mkono mwingine, akivigonganisha kuita wateja kama wafanyavyo. Alisimama kutuangalia. Hakuacha kugonga, ila nikasikia pigo limebadilika, limekuja kukaa palepale kwenye mwanya uliokuwa wazi kati ya besi na solo.

Mzee hakugeuka kumtazama. "Hapohapo," akasema. "Usitoke hapo."